Maarifa ya Jumla Huanzia Mlangoni

Majuma machache yaliyopita tulipita Milanzi, kata iliyomo katika Manispaa ya Sumbawanga, kwa shughuli isiyohusiana kabisa na habari hii. Ilikuwa asubuhi ya baridi, ile baridi ya uwanda wa juu wa Ufipa ambayo huwafanya hata wenyeji wake wasitoe mikono mifukoni kabla ya saa nne. Kando ya duka moja tuliwakuta vijana sita, wanne wa kiume na wawili wa kike, wameketi juu ya gogo na bunda la karatasi za fotokopi. Mmoja alikuwa akisoma maswali na wenzake wakijibu kwa pamoja. Mji mkuu wa Australia? Canberra. Katibu Mkuu wa kwanza wa Umoja wa Mataifa? Trygve Lie. Mlima mrefu kupita yote barani Ulaya? Elbrus. Majibu yalitoka upesi, bila kosa hata moja, nasi tuliosimama pale tuliona haya kidogo, kwa kuwa moja kati ya hayo matatu hatukuwa nalo.

Tulipowauliza wanajiandaa kwa jambo gani, walitueleza kwamba watatu wao wameitwa kwenye usaili wa nafasi za Mtendaji wa Kijiji, na waliobaki wanangoja matangazo mengine. Karatasi zile walizinunua katika duka moja la steshenari kwa fedha za kuchangishana. Nasi, kwa nia ya kushiriki mazungumzo tu, tukauliza: Halmashauri ya Kijiji huwa na wajumbe wangapi? Hapakuwa na jibu. Binti mmoja alizipekua karatasi mbele na nyuma, kisha akasema kwa adabu, "Hilo halimo humu, baba."

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike safu ya leo. Kijana anayeitwa kusailiwa ili awe mtendaji mkuu wa serikali ya kijiji alikuwa ameufahamu mlima wa Ulaya, lakini hakuwa ameambiwa na mtu yeyote kwamba Halmashauri atakayoitumikia, kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, ina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Hatuandiki hivi ili kumcheka. Kijana huyo ana bidii, na amelipa fedha ili afundishwe. Lililo baya ni kwamba amefundishwa kutazama mbali, na hakuna aliyemgeuza uso akatazama mlango wa nyumba yake.

Kwanza hatuna budi kutazama ukubwa wa jambo lenyewe. Wapo miongoni mwa wasomaji wetu wanaokumbuka enzi ambazo aliyehitimu chuo hakuitafuta kazi ya Serikali. Kazi ndiyo iliyomtafuta. Wahitimu walikuwa wachache, mahitaji ya nchi changa yalikuwa mengi, na barua ya kupangiwa kituo ilimfuata mtu hadi nyumbani kwao. Enzi hizo zilikoma katika miaka ya 1990. Ikaja Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya mwaka 2002, na marekebisho yake ya mwaka 2007 ndiyo yaliyounda Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Siku hizi, anayetaka kazi ya Serikali huomba kwa mfumo wa kompyuta, hupimwa kwa mtihani wa mchujo ulioandikwa, na akivuka hapo hukabiliwa na mahojiano ya ana kwa ana. Kwa baadhi ya kada, kama vile udereva na uandishi wa ofisi, huwapo pia usaili wa vitendo. Hata walimu, ambao kwa miaka mingi walipangiwa vituo pasipo kusailiwa, waliingizwa katika utaratibu huo mwanzoni mwa mwaka 2025.

Na waombaji ni wengi mno. Mwezi Juni mwaka 2014, watu zaidi ya 10,000 walikusanyika katika Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam kusailiwa kwa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Katika usaili wa walimu tulioutaja, waombaji walizidi 200,000 na nafasi zilikuwa 14,648. Mwaka huo huo wa 2025, maombi zaidi ya 130,000 yaliifikia Mamlaka ya Mapato kwa nafasi 1,596. Msomaji akigawanya mwenyewe ataona kwamba kwa walimu nafasi moja iligombewa na watu wapatao 14, na kwa Mamlaka ya Mapato watu zaidi ya 80. Katika hali ya namna hiyo, alama moja au mbili ndizo humtenganisha aendaye kazini na arudiye nyumbani. Ndiyo maana maarifa ya jumla yamekuwa bidhaa, na ndiyo maana kila aliye na mashine ya kutolea nakala anaweza kujiita mwalimu.

Pale Milanzi, mwenye duka, mzee wa makamo ambaye ndiye baba wa yule binti, alituvuta pembeni akatusimulia upande mwingine wa habari hii. Mwanawe alikwisha kwenda Dodoma mara mbili kusailiwa. Ni safari ya zaidi ya kilometa 800 kwa njia ya Tunduma, Mbeya na Iringa, na nauli, chakula na malazi vyote ni juu ya msailiwa mwenyewe, kama tangazo la kuitwa kwenye usaili linavyoeleza wazi. Mara ya kwanza mzee aliuza magunia manne ya mahindi. Mara ya pili aliuza mbuzi. Mara zote mbili binti alikwama katika mchujo. "Nikimwambia aache nitakuwa nimemdhulumu," alisema mzee. "Nikimwambia aendelee, nitauza nini tena?"

Swali hilo hatukuweza kulijibu pale dukani, wala hatudai kulijibu lote hapa. Lakini tunaamini kwamba mzazi anayeuza mahindi yake anastahili kuelezwa fedha hizo zinanunua nini, na kijana anayezitumia anastahili kuelezwa asome nini.

Yafaa tukumbuke kwa nini mitihani ya namna hii ikawapo. China ilianza kuwachagua maofisa wake kwa mtihani zamani za utawala wa Sui, mwanzoni mwa karne ya 7. Nia ilikuwa njema: mtoto wa mkulima apate nafasi ya kushindana na mtoto wa mkuu. Mtihani huo ulidumu kwa miaka ipatayo 1,300, hata ukafutwa mwaka 1905, na mojawapo ya lawama zilizouangusha ilikuwa kwamba watahiniwa walikuwa wakikariri vitabu vya kale na kupanga insha kwa umbo lililokwisha kuwekwa, ilhali nchi ilihitaji watu wa kujenga reli na kusimamia hazina. Somo la kwanza tunalipata hapo. Mtihani uliobuniwa ili upime akili unaweza, kwa mazoea, ukawa kipimo cha kukariri.

Somo la pili linatoka India. Waingereza walipoanza kuwachagua kwa mashindano maofisa wa kuitawala India, mwaka 1855, mtihani ulifanyika London peke yake. Mhindi aliyetaka kuitumikia nchi yake alipaswa kwanza kuvuka bahari. Wa kwanza kufaulu alikuwa Satyendranath Tagore, mwaka 1863, ndugu mkubwa wa yule mshairi Rabindranath Tagore aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Haikuwa mpaka mwaka 1922 ndipo mtihani ulipoanza kufanyika India kwenyewe. Kwa muda wote huo wa miaka zaidi ya 60 mtihani uliitwa wa haki, kwa kuwa maswali yalikuwa mamoja kwa wote. Lakini asiyekuwa na nauli hakuwahi kuyaona maswali hayo. Baba wa Milanzi anayeuza mbuzi angeielewa habari hiyo mara moja.

Leo India hiyo hiyo, iliyo huru tangu mwaka 1947, ina mtihani wa utumishi wa umma unaoombwa na watu wapatao milioni moja kila mwaka kwa nafasi zinazokaribia 1,000. Karatasi ya kwanza ya mchujo ina maswali 100 ya maarifa ya jumla ya kujibiwa kwa saa mbili, na jibu lisilo sahihi hukata theluthi ya alama. Kuzunguka mtihani huo imeota biashara kubwa ya vituo vya kufundishia, na vitongoji vizima vya Delhi huishi kwa kodi na ada za watahiniwa. Mwezi Julai mwaka 2024, watahiniwa watatu walifariki dunia katika kitongoji kimoja cha mji huo baada ya maji ya mvua kufurika katika maktaba ya kituo cha mafunzo iliyokuwa chini ya ardhi. Tunayataja hayo kwa kuwa biashara inayokua juu ya hofu ya vijana haichelewi kusahau usalama wao. Kwetu haijafika huko. Ni vema tujihadhari ingali changa.

Sasa turudi kwenye swali la msingi: maarifa ya jumla ni nini? Sisi tunayaona kama duara tatu, moja ndani ya nyingine. Ya ndani ni nyumbani kwa mtu, ya pili ni taifa lake, ya tatu ni dunia. Karatasi za dukani huanza na duara ya nje na aghalabu huishia huko. Tungependa kuonyesha kwamba anayeanza na ya ndani huzifikia zote, na hayasahau aliyojifunza.

Tuchukue mfano wa hapa hapa. Kijana wa Milanzi anaishi katika mkoa wa Rukwa. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 1974 kwa kumega sehemu za mikoa ya Mbeya na Tabora, na mwaka 2012 nao ukamegwa, ukazaliwa mkoa wa Katavi. Akilifahamu hilo ataona kwamba mikoa haikushuka kutoka mbinguni. Huundwa, na kwa sababu. Kutoka hapo hana safari ndefu kufika kwenye swali la mikoa ya Tanzania, ambayo ni 31, yaani 26 ya Bara na mitano ya Zanzibar, na hatalijibu kama kasuku.

Akishuka upande wa magharibi atafika Ziwa Tanganyika. Hilo ni ziwa la pili duniani kwa kina, mita zipatazo 1,470, likitanguliwa na Baikal la Urusi pekee, na limepakana na nchi nne: Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Juu ya maji hayo imefanya kazi meli ya Liemba, ambayo wazee wengi wa Kasanga na Kipili wameipanda. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa meli na kwa reli hadi Kigoma na kuunganishwa huko. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe; Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi. Mwenye kuisimulia habari ya Liemba ameisimulia Vita Kuu ya Kwanza, amesimulia reli ya kati, na ameeleza jinsi Tanganyika ilivyotoka mikono ya Mjerumani ikaingia mikono ya Mwingereza. Habari zote hizo zimo ndani ya meli moja.

Akielekea kusini atayakuta maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, ambako maji huanguka kwa zaidi ya mita 200. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba karibu na maporomoko hayo, upande wa Zambia, yamepatikana magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa pamoja kwa mkono wa binadamu, yenye umri usiopungua miaka 476,000. Dunia nzima ilishangaa. Ni wangapi katika Sumbawanga walioshangaa pamoja nayo?

Na hapo Milanzi penyewe? Jina hilo, ambalo wengine huliandika Milansi, limo katika simulizi za kale za Wafipa kama makao ya utawala uliotangulia kuja kwa ukoo wa Watwa, na mwanazuoni wa Uingereza, Roy Willis, aliyezikusanya simulizi hizo, alizitumia katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu jinsi dola ilivyoundwa Ufipa. Kijana anayezijua habari hizo atakuwa na la kusema msaili akimwuliza utawala ni nini na hupata wapi uhalali wake.

Hapa tunakiri udhaifu wetu wenyewe. Yule mzee mwenye duka, baada ya kutusikia tukiwauliza vijana swali la Halmashauri, alitugeukia akatuuliza sisi: malungu yalikuwa na kazi gani, na kwa nini yalijengwa marefu vile? Tuliguna, tukajibu kwamba yalikuwa matanuri ya chuma. Kuhusu urefu hatukuwa na jibu. Ndipo alipotueleza. Tanuri la ilungu lilijengwa kwa udongo, refu kupita kimo cha mtu, likiwa na matundu chini. Moto ukishika, urefu ule wenyewe huvuta hewa kutoka chini kwenda juu, kama dohani, pasipo kuhitaji mivukuto. Kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri dogo lenye mivukuto, ndipo jembe likafuliwa. Hiyo ni fizikia, tena ya Wafipa wenyewe, na sisi tuliojiona wasomi tulikuwa tumeipita njiani. Vijana walicheka, nasi tukacheka pamoja nao.

Kuhusu duara ya pili, ya taifa, tungependa kuwa wazi zaidi, kwa sababu ndiyo inayomhusu mtumishi wa umma kuliko nyingine. Tarehe kuu za nchi lazima zijulikane: Uhuru wa Tanganyika, 9 Desemba 1961, Mapinduzi ya Zanzibar, 12 Januari 1964, Muungano, 26 Aprili 1964, Azimio la Arusha, Februari 1967, Katiba tuliyo nayo, 1977, kurudi kwa mfumo wa vyama vingi, 1992. Lakini tarehe ni misumari tu ya kutundikia fikra. Msaili anaweza kuuliza Bunge, Serikali na Mahakama zinatofautianaje, na kwa nini zimetenganishwa. Anaweza kuuliza nani mwenye madaraka ya juu katika kijiji. Wengi watajibu kwamba ni Mwenyekiti, au Mtendaji. Jibu la sheria ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Aliyewahi kukaa katika mkutano huo na kumwona mkulima akisimama kudai hesabu za mchango wa shule hatalikosa jibu hilo hata akiamshwa usiku.

Kwa hiyo, kwa kijana anayejiandaa, tunatoa ushauri ufuatao, nao hauhitaji fedha nyingi.

Asome kwanza tangazo la kazi lenyewe, na hasa ile sehemu inayoorodhesha majukumu ya kada anayoiomba. Inashangaza ni wangapi huisoma sehemu ya mshahara wakaiacha hiyo. Kila jukumu lililoorodheshwa ni swali linalongoja kuulizwa. Kama tangazo linasema kwamba mtendaji atakuwa katibu wa vikao, basi ajue kuandika muhtasari wa kikao. Kama linataja ardhi, asome Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Kama linataja maadili, asome kanuni za maadili ya utumishi wa umma na kujiuliza angefanya nini iwapo jamaa yake angeomba upendeleo.

Pili, ahudhurie mkutano wa mtaa au wa kijiji chake, na asimame kwenye ubao wa matangazo wa kata asome yaliyobandikwa. Ajue diwani wake ni nani, fedha za kata hutoka wapi, na zahanati yake husimamiwa na nani. Mitaa na vijiji vilifanya uchaguzi wa viongozi wao tarehe 27 Novemba 2024. Kijana asiyejua aliyechaguliwa mtaani kwake ana kazi ya kufanya kabla ya kukariri majina ya marais wa nchi za mbali.

Tatu, asikilize taarifa ya habari ya redio na asome gazeti akiwa na kalamu. Habari moja ya siku iandikwe kwa sentensi tatu: nini kimetokea, kwa nini, na kinamhusu nani. Mwenye kufanya hivyo kwa miezi sita atakuwa na daftari lenye thamani kupita fotokopi zote za mjini, na tena atakuwa amejifunza kuandika kwa ufupi, jambo ambalo mtihani wa saa chache hulidai. Afanye hivyo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa kuwa lugha zote mbili zinaweza kumkuta mezani.

Nne, asiidharau hesabu. Gunia moja la mahindi lina kilo 100. Mkulima aliyevuna magunia 18 katika ekari moja na nusu amepata kilo ngapi kwa ekari? Mtoto wa Ufipa, katika mkoa uliosifika kwa mahindi tangu miaka ya 1980, hana haja ya kitabu cha ng'ambo ili apate mazoezi ya hesabu.

Tano, aviangalie vyeti vyake mapema. Wapo wanaoandaa akili kwa mwaka mzima, kisha wanakwama mlangoni kwa sababu jina la cheti cha kuzaliwa halilingani na la cheti cha kidato cha nne, au kwa sababu wamebeba hati ya matokeo badala ya cheti halisi. Marekebisho ya jina hufanywa kwa kiapo na kwa taratibu za kisheria, nayo huchukua muda.

Kuna na la sita, nalo ni onyo. Kuomba kazi katika mfumo wa Sekretarieti ya Ajira hakulipiwi. Anayekuja kwa kijana akidai ana maswali ya mtihani, au ana mtu wake Dodoma, anakuja kuchukua mahindi ya baba yake. Na anayefikiria kuingia kwa cheti cha kughushi akumbuke mwezi Aprili mwaka 2017, ambapo watumishi 9,932 walitangazwa kuwa wamebainika kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Miongoni mwao walikuwamo waliotumikia miaka mingi. Njia ya mkato iliwafikisha, lakini haikuwaacha wakae.

Baada ya kusema na vijana, ni haki tuseme na wakubwa pia. Sekretarieti imefanya vema kuanza, katika miaka ya karibuni, kupeleka usaili wa mchujo mikoani na kuufanya kwa kompyuta, badala ya kuwaita watu wote Dodoma. Tumekwisha kusimulia habari ya India na London, nasi tunaomba hatua hiyo iendelezwe hadi kada zote, ili yule wa Sumbawanga asilipe nauli mara nyingi zaidi ya yule wa Dodoma kwa maswali yale yale. Tunaomba pia ofisi za kata zibandike taarifa zake mahali panaposomeka, na nakala za Katiba na za sheria za serikali za mitaa ziwepo ofisini kwa mkazi yeyote kusoma. Sheria iliyofungiwa kabatini haimfundishi mtu. Shule za sekondari zinaweza kuwafungulia wahitimu wao chumba kimoja jioni mbili kwa juma, na walimu wastaafu, ambao Ufipa haiwakosi, wanaweza kuwasimamia. Wenye kuuza karatasi za maswali, kama hawataki kuacha, basi waandike angalau ukurasa mmoja kuhusu mkoa wanamouzia.

Limebaki jambo gumu, na hatutalikwepa. Hesabu tulizozitoa zinaonyesha kwamba wengi wa wanaojiandaa hawatapata kazi hizo, hata wakijiandaa vizuri. Watu 14 wakiigombea nafasi moja, 13 watarudi nyumbani. Mwandishi anayewaambia vijana kwamba bidii pekee itawafikisha wote anawadanganya. Je, hao 13 watakuwa wamepoteza muda wao?

Wakiwa wamekariri milima ya Ulaya peke yake, jibu ni ndiyo. Baada ya miezi miwili majina hayo yatakuwa yamepeperuka kama makapi ya ulezi. Lakini aliyesoma sheria ya kijiji chake, akajua kudai mapato na matumizi yasomwe mkutanoni, akajua kuandika muhtasari na kupiga hesabu ya mavuno, huyo kijiji kimempata hata kama Serikali haikumwajiri. Atakuwa katibu wa chama cha ushirika, au mjumbe wa kamati ya shule, au mkulima asiyedanganywa mizani. Fedha ya gunia la baba yake haitakuwa imepotea yote njiani.

Hilo ndilo jibu ambalo tungempa yule mzee wa dukani, tungekuwa nalo siku ile. Asiuze mbuzi kwa ajili ya karatasi. Akilazimika kuuza, auze kwa ajili ya nauli ya usaili, na mafunzo yaanze hapo hapo gogoni, kwa kuwa mengi ya yanayohitajika yamo katika kata yake, na mengine yamo kichwani mwake mwenyewe.

Tulipokuwa tukiondoka, yule binti alikuwa amegeuza karatasi moja upande mweupe, akaandika kwa kalamu: Halmashauri ya Kijiji, wajumbe 15 hadi 25. Chini yake akaongeza swali la pili, ambalo hakuna aliyelisema: Kata yetu ina mitaa na vijiji vingapi? Wenzake walianza kuhesabu kwa vidole na hawakukubaliana. Mmoja akainuka kwenda ofisi ya kata kuuliza. Tunawatakia heri katika usaili wao.